Udhaifu wa misuli usiojulikana chanzo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu ambao misuli imeanza kuwaangusha na bado hakuna aliyewapa jina la ugonjwa. Wengi wao wameshaanza kujitibu kabla hawajafika hapa, kwa hiyo hakuna maana ya kuwaambia "usijaribu kitu". Kinachojibiwa zaidi ni namna ya kujaribu bila kujidhuru na bila kuvuruga ushahidi ambao daktari atauhitaji. Kama dalili zako zimeanza ghafla, ruka hadi swali la 4 kwanza.

## Kuuelewa mwili

1. Nitajuaje kama ni uchovu au ni udhaifu wa misuli?

Aliyechoka hupanda ngazi kwa shida na kufika juu akihema, lakini miguu imempandisha. Mwenye udhaifu hufika kidato cha nne, akataka kuinua paja na paja likagoma. Hushika reli na kujivuta kwa mikono. Msuli wake umekataa kazi wakati yeye mwenyewe ana hamu na pumzi ya kuendelea.

Jipime kwa vitendo. Je, unainuka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono? Ukichuchumaa unasimama? Unaweza kutembea kwa visigino tu, kisha kwa ncha za vidole tu? Ukilala chali unakiinua kichwa kutoka kwenye mto? Mikono inabaki juu hadi umalize kuchana nywele? Majibu ya namna hii humsaidia daktari mara kumi kuliko "najisikia mnyonge", maana unyonge unaweza kuletwa na upungufu wa damu, moyo, sonona, usingizi mbovu au homa ya wiki iliyopita.

Uchovu nao si jambo dogo, na magonjwa mengi huleta vyote viwili. Ila ni vizuri kuvitaja kimoja kimoja.

2. Udhaifu unaweza kuanzia wapi?

Amri ya kuinua mkono hutoka kwenye ubongo, hushuka kwenye uti wa mgongo, huingia kwenye neva, kisha huvuka kutoka neva kwenda kwenye msuli kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Hapo ndipo msuli hujikaza. Hitilafu inaweza kutokea popote njiani, na kila mahali huacha alama zake.

Ugonjwa wa msuli wenyewe mara nyingi hushika nyonga na mabega, pande zote mbili, bila ganzi. Ugonjwa wa neva huanzia mbali, kwenye nyayo na vidole, na mara nyingi huja na ganzi au kuchomachoma. Hitilafu pale neva inapokutana na msuli, kama kwenye miastenia gravis, hupanda na kushuka: asubuhi kope ziko sawa, jioni zimeshuka na mtu anaona viwili viwili. Tatizo la ubongo au uti wa mgongo huelekea kukakamaza viungo. Hizi si sheria kamili, lakini ndizo zinazoamua upelekwe kwenye kipimo gani.

3. Mbona muda unapita na bado sina jina la ugonjwa?

Sababu ya kwanza ni kwamba mwili ni hodari wa kufidia. Mwaka 1879 daktari William Gowers wa Uingereza alieleza jinsi watoto wenye ugonjwa wa misuli wanavyosimama kutoka sakafuni kwa kuyapanda mapaja yao wenyewe kwa mikono. Watu wazima hufanya yaleyale kwa siri: huchagua viti virefu, huegemea meza, huacha kubeba mtoto. Anapofika kwa daktari amekwisha kujifunza njia za kuzunguka, naye anaonekana mzima.

Sababu nyingine ni kwamba baadhi ya magonjwa haya huja na kuondoka, na siku ya miadi huwa ndiyo siku nzuri. Mengine ni nadra kiasi kwamba daktari wa kawaida huenda asikutane nayo maishani. Na kuna yale ambayo hujitambulisha tu yakishapita muda.

4. Dalili zipi haziwezi kusubiri?

Nenda kwenye huduma ya dharura leo hii ukiona mojawapo ya hizi:

- Unakosa pumzi ukilala chali, au huwezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi.
- Unapaliwa na mate au maji, kikohozi kimekuwa dhaifu, au shingo haiwezi kubeba kichwa.
- Udhaifu unapanda kutoka miguuni kwenda juu kwa saa au siku. Ugonjwa wa Guillain-Barré huenda hivyo, nao hufika kileleni ndani ya wiki nne.
- Upande mmoja wa uso au mwili umelegea ghafla, au maneno hayatoki. Hicho chukulia kuwa ni kiharusi.
- Miguu imelegea pamoja na ganzi sehemu za siri, au mkojo na haja kubwa havishikiki au havitoki.
- Misuli inauma sana na mkojo umekuwa mweusi au rangi ya kahawia iliyokolea. Msuli unaovunjika huweza kuua figo.

Kuna jaribio la nyumbani linalosaidia: vuta pumzi moja kubwa, kisha hesabu kwa sauti ya kawaida hadi ikuishie. Mtu mzima mwenye afya hufika karibu 50. Ukiishia chini ya 20, au namba inashuka saa hadi saa, usilale nyumbani. Na usidanganywe na kile kifaa cha kubana kidoleni: misuli ya kupumua inaposhindwa, kiwango cha oksijeni huweza kubaki kizuri hadi dakika za mwisho.

5. Misuli inachezacheza chini ya ngozi. Je, ndio ule ugonjwa mbaya wa neva?

Kama unamaanisha ALS, unaoua polepole neva zinazoendesha misuli, kwa kawaida hapana. Kuchezacheza bila udhaifu na bila msuli kukonda huwapata watu wengi wazima, hasa wakikosa usingizi, wakizidisha kahawa au wakiwa na wasiwasi. Kinachohitaji daktari wa neva ni kuchezacheza kunakoandamana na kukonda kwa msuli au kushindwa kazi maalumu, kwa mfano mguu unaoburura au ufunguo usiozungushika. Kuusoma ugonjwa huo usiku kucha huongeza kuchezacheza. Hili nalo lijue.

## Daktari na vipimo

6. Niende na nini kwenye miadi?

Nenda na karatasi moja. Iandike: udhaifu ulianza lini na kwa kazi gani, kazi gani zimepotea na kwa mpangilio upi, saa zipi ni mbaya, nini kinaongeza na nini kinapunguza, dawa zote, pamoja na virutubisho na mitishamba, na nani katika ukoo alitembea kwa shida, alikufa ghafla akiwa kijana au alipata tatizo kwenye dawa ya usingizi ya upasuaji.

Juu ya hayo, piga video. Simu iweke mbali kidogo, kwenye mwanga, ikuone mwili mzima ukiinuka kwenye kiti bila mikono na ukipanda vidato vichache. Kama kope hushuka, jirekodi ukitazama juu bila kupepesa kwa dakika moja: kope linalozama polepole mbele ya kamera linaweza kufanya kazi ambayo maelezo ya miezi hayakuifanya. Rekodi siku mbaya na siku nzuri, pembe ileile.

7. Vipimo vya mwanzo ni vipi?

Vingi ni vya damu na si vya ajabu: CK (swali la 8), potasiamu, kalsiamu, magnesiamu, tezi ya thairoidi, sukari, picha kamili ya damu, kipimo cha uvimbe mwilini, vitamini D, B12 na VVU. Ni vema vifanywe mapema kwa sababu baadhi ya majibu yake yana tiba rahisi. Tezi iliyolegea, vitamini D iliyoshuka mno na potasiamu ndogo vyote huweza kumlegeza mtu kama mwenye ugonjwa mkubwa.

Baadaye huja kingamwili za miastenia, kipimo cha umeme wa neva na misuli kiitwacho EMG, picha za MRI, vinasaba, na wakati mwingine kukatwa kipande kidogo cha msuli. EMG inahusisha sindano nyembamba. Inaudhi, lakini haichukui muda mrefu.

8. CK yangu iko juu. Mbona wananiambia ini?

CK ni kimeng'enya kilichomo ndani ya msuli. Msuli ukiumia humwagika kwenye damu. Hupanda pia baada ya mazoezi mazito, sindano ya msuli au kuanguka, kwa hiyo pumzika siku kadhaa kabla ya kupima. Watu wenye asili ya Afrika huwa na CK ya juu kiasi hata wakiwa wazima, jambo ambalo viwango vya maabara haviangalii kila mara.

Suala la ini linaeleweka: vimeng'enya AST na ALT, vinavyojulikana kama "vya ini", vimo pia ndani ya misuli. Wapo waliofuatiliwa ini kwa muda mrefu huku ugonjwa uko mapajani. Kama AST na ALT ziko juu na hujapimwa CK, iombe. Kimeng'enya GGT kikiwa cha kawaida, shaka huelekea zaidi kwenye misuli.

9. Vipimo vyote ni safi. Maana yake nimejitungia?

Hapana. Kipimo safi hujibu swali lililoulizwa, basi. Kingamwili za kawaida za miastenia hukosekana kwa karibu nusu ya wenye ugonjwa uliobaki machoni. Kwa wenye kupooza kwa vipindi, potasiamu huwa ya kawaida kati ya kipindi na kipindi (swali la 18). Na CK huwa ya kawaida msuli unapodhoofishwa na steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe.

Upo pia udhaifu unaotokana na mfumo wa fahamu kufanya kazi vibaya bila kidonda kinachoonekana. Huu hauthibitishwi kwa "hatujaona kitu" bali kwa ishara zake zenyewe, kama ile aliyoieleza Charles Hoover mwaka 1908: mguu usioweza kusukuma chini ukiamriwa husukuma vizuri mwenzake unapoinuliwa. Mgonjwa haigizi. Hali hiyo ina tiba, hasa ya viungo, na anayepewa jina hilo asilichukulie kama tusi. Lakini ana haki ya kuuliza: ni ishara gani umeiona?

10. Dawa ninazotumia zaweza kuwa ndizo chanzo?

Ndiyo, na hili ndilo swali ninalotamani liulizwe la kwanza. Dawa za kushusha kolesteroli za kundi la statini, steroidi za muda mrefu, kolchisini ya jongo, klorokwini, zidovudini, dawa za kukojosha zinazopoteza potasiamu, na pombe nyingi, vyote huweza kudhoofisha misuli. Kwa mwenye miastenia ambayo bado haijajulikana, dawa za kuua bakteria kama gentamisini, siprofloksasini na azithromisini, pia kwinini na baadhi ya dawa za presha, huweza kumwangusha ghafla. Kama uliwahi kulegea vibaya baada ya dozi ya mojawapo, liandike.

Usiache dawa mwenyewe. Steroidi hasa: kuzikata ghafla ni hatari kwa maisha.

## Kujisaidia mwenyewe

11. Je, ni vibaya kujaribu tiba kabla sijajua naugua nini?

Si vibaya, mradi ujaribu kwa utaratibu. Mtu aliyekata tamaa huanza vitu sita wiki moja: vidonge vitatu, chai ya mizizi, kukanda, kufunga. Akipata nafuu hajui kilichomsaidia. Akizidiwa hajui kilichomdhuru. Na daktari naye haoni tena sura halisi ya ugonjwa.

Jaribu kitu kimoja. Kabla ya kuanza, chagua kipimo chako: mara ngapi unainuka kwenye kiti bila mikono ndani ya sekunde 30, au dakika ngapi unashikilia mikono mbele yako. Pima saa ileile, mara mbili au tatu kwa wiki, kwa wiki mbili bila kubadilisha kitu. Ndipo uanze, na upange mapema siku ya kuamua. Ikifika na namba haijasogea, acha. Ukiwa na siku nzuri baada ya kidonge kipya, kumbuka kwamba ulikianza ukiwa kwenye hali mbaya kabisa, na hali mbaya kabisa mara nyingi hupungua yenyewe.

Damu itolewe kabla ya kuanza virutubisho. B12 iliyomezwa mwezi mzima huficha upungufu uliokuwapo.

12. Virutubisho gani husaidia, na vipi vinadhuru?

Vinavyosaidia ni vile unavyopungukiwa. Kujaza vitamini D kwa aliyepungukiwa hurudisha nguvu. Kuizidisha kwa mwenye ya kutosha hupandisha kalsiamu, na kalsiamu nyingi hulegeza misuli. Keratini ya nywele isichanganywe na kreatini ya wanamichezo: hii ya pili imeonyesha kuongeza nguvu kidogo kwa baadhi ya magonjwa ya kurithi ya misuli, lakini kwa ugonjwa wa McArdle, ambao msuli hushindwa kutumia akiba yake ya sukari, dozi kubwa ilizidisha maumivu. Humo ndimo tatizo la kujaribu bila jina lilipo.

Vinavyodhuru ni hivi. Vitamini B6 ya dozi kubwa kwa miezi huharibu neva na kuleta ganzi. Zinki nyingi hufukuza shaba mwilini, na ukosefu wa shaba hudhuru uti wa mgongo. Magnesiamu nyingi ni hatari kwa mwenye miastenia. Potasiamu ya vidonge huweza kusimamisha moyo kwa mwenye figo dhaifu. Mchele mwekundu wa hamira, unaouzwa kama kitu cha asili, una kemikali ileile ya statini aina ya lovastatini. Mizizi mitamu ya urukususu ikitumiwa sana hushusha potasiamu hadi mtu anashindwa kusimama.

13. Dawa ya mitishamba imenipa nguvu ndani ya siku tatu. Niendelee?

Kasi hiyo ndiyo inayotia shaka. Imewahi kugundulika, katika nchi mbalimbali, kwamba bidhaa zinazoitwa za asili zimechanganywa steroidi kama deksamethasoni. Steroidi huleta hamu ya kula, uchangamfu na nafuu ya haraka kwa ugonjwa wenye uvimbe. Baadaye uso hujaa, sukari hupanda na mapaja huzidi kudhoofika. Mbaya zaidi, huweza kufuta dalili za uvimbe kwenye kipande cha msuli kitakachopimwa.

Kama umeitumia wiki kadhaa, usiikate siku moja. Ipeleke pakiti kwa daktari, useme ukweli, naye aamue namna ya kuipunguza. Hata hivyo, nafuu hiyo si bure: ni taarifa kwamba ugonjwa wako huenda unasikia steroidi.

14. Nifanye mazoezi au nipumzike?

Kukaa kitandani hula misuli haraka, kwa hiyo kupumzika moja kwa moja si jibu. Kwa magonjwa mengi ya misuli mazoezi mepesi ya wastani, kama kutembea au kuendesha baiskeli ya kukaa, ni salama. Epuka kwanza kunyanyua vizito hadi msuli ushindwe na kushuka milima.

Kigezo ni kesho yake. Kama maumivu au udhaifu umebaki zaidi ya siku moja, ulizidisha, punguza. Mwenye kuzidiwa vibaya siku moja au mbili baada ya kazi ndogo, na usingizi usimwondolee uchovu, asilazimishwe kuongeza dozi ya mazoezi kila wiki. Mwongozo wa afya wa Uingereza kuhusu ugonjwa wa uchovu sugu uliachana na utaratibu huo mwaka 2021.

15. Kuna chakula maalumu?

Hakuna cha kuponya. Kula protini ya kutosha kwa mlo wa kila mara, usiruke milo, na usipungue uzito kwa makusudi wakati misuli inapotea. Wenye vipindi vya kupooza wasome swali la 18 kwanza.

16. Kukanda, maji moto na barafu je?

Kukanda hupunguza kukaza na maumivu; hakuongezi nguvu. Maji moto yawe na tahadhari: kwa wenye miastenia au ugonjwa unaoharibu ganda linalofunika neva, joto hulegeza zaidi, na kuna waliokwama ndani ya beseni. Barafu juu ya kope lililoshuka, kwa dakika mbili ndani ya kitambaa, huweza kuliinua kwa muda. Kope likiinuka, piga picha kabla na baada. Madaktari hutumia jaribio hilohilo.

17. Nipangeje siku yangu?

Kazi nzito ziweke saa zako nzuri, na gawanya inayoweza kugawanyika. Kaa unapooga na unapopiga pasi. Inua kiti, inua choo, weka vya kushika karibu na ngazi. Fimbo isingoje hadi uvunjike nyonga; watu huikataa kwa aibu, kisha huanguka mbele ya haohao waliowaonea aibu.

## Hali zisizo za kawaida

18. Nalala mzima, naamka siwezi kusogea, mchana napona. Ni nini hicho?

Huenda ni kupooza kwa vipindi, kunakofungamana na potasiamu. Aina moja huja baada ya mlo mkubwa wa wanga au mapumziko baada ya kazi nzito, na potasiamu huwa imeshuka. Nyingine huja kwa njaa, na potasiamu huwa imepanda. Kumeza potasiamu kwa kukisia huweza kumwokoa wa kwanza na kumdhuru wa pili. Kinachotakiwa ni damu na kipimo cha umeme wa moyo *wakati wa kipindi chenyewe*. Tezi ya thairoidi ipimwe pia, maana tezi iliyochangamka kupita kiasi huleta hali hii.

19. Ninamjua mwenye ugonjwa unaofanana. Nijaribu dawa yake kidogo?

Usijaribu. Wazo lenyewe lina historia nzuri: mwaka 1934 daktari Mary Walker, London, aliona miastenia inafanana na kurare, sumu ya mishale inayopooza misuli, akampa mgonjwa wake fizostigmini na nguvu zikarudi kwa saa chache. Lakini ilikuwa hospitalini. Dawa za jamii hiyo zikizidi huleta mate mengi, mapigo ya moyo kushuka na misuli ya kupumua kuchoka. Jaribio hilo lifanywe na anayeweza kukusaidia likienda vibaya.

20. Nitafanyiwa upasuaji na sina jina la ugonjwa. Niseme nini?

Mwambie mtaalamu wa dawa ya usingizi kabla ya siku yenyewe: "Nina udhaifu wa misuli unaochunguzwa." Baadhi ya magonjwa ya misuli hayapatani na gesi fulani za usingizi wala na suksametonia, dawa ya kulegeza misuli. Akijua, atachagua nyingine.

21. Kipimo cha vinasaba kimetoa "badiliko lisiloeleweka maana yake".

Hilo si jina la ugonjwa, wala si uthibitisho kwamba huna. Kupima wazazi au ndugu husaidia. Omba majibu yasomwe upya baada ya miaka michache, kwa sababu maana za mabadiliko haya husahihishwa. Na kukosekana kwa mgonjwa mwingine katika ukoo hakufuti urithi: kwa karibu theluthi ya watoto wenye Duchenne, ugonjwa wa misuli wa kurithi, chanzo ni badiliko jipya.

22. Nyumbani hawaniamini, kwa kuwa jana niliweza na leo siwezi.

Waonyeshe zile video mbili za swali la 6, bila hotuba. Kisha omba kitu kimoja mahususi: "nibebee ndoo" hueleweka kuliko "nihurumieni". Ukiona huzuni inakuzidi, itibiwe kama tatizo linalojitegemea. Kuitibu si kukubali kwamba udhaifu ulikuwa wa kichwani.

23. Wamesema watasubiri na kuangalia. Nirudi lini?

Ukipoteza kazi mpya ya mwili, rudi mara moja. Vilevile ukianza kuamka na maumivu ya kichwa kila asubuhi na kusinzia mchana. Hapo omba upimwe nguvu ya kupumua, umekaa na umelala. Kama hakuna jipya, miezi sita hadi kumi na miwili ni muda wa haki, na nenda na namba zako za swali la 11. Tiba nazo huongezeka: ugonjwa wa Pompe, wa kurithi, ambao kwa watu wazima huweza kushika misuli ya kupumua mapema, ulipata kimeng'enya chake cha tiba mwaka 2006, na huweza kuchunguzwa kwa tone la damu kwenye karatasi. Aliyepimwa zamani akaambiwa hakuna kitu anaweza kuuliza kama orodha ya vipimo imebadilika tangu wakati huo.